Nani Ashike Barua Laini Ikikatika?

Wenye ofisi ndogo za Kibera na Kawangware, yaani vyama vya vijana, zahanati, shule za jamii na karakana ambazo zimejisajilia vikoa vyao vinavyoishia kwa .ke na kuweka seva ya barua pepe chumbani mwao, hubishana juu ya jambo moja bila ya kufikia mwafaka. Wako wasemao kuwa seva ikizimika, barua zote zilizokuwa njiani saa ile zimepotea. Wako wasemao kuwa haipotei hata moja, kwa sababu intaneti ina subira. Na wako waliokwisha kata shauri kwamba kila barua iliyochelewa ni hila ya mtoa huduma atakaye kuwarudisha chini ya himaya yake. Kila rai katika hizo tatu ina sehemu ya ukweli, wala hakuna hata moja iwezayo kumwongoza mtu anayetaka kujua afanye nini.

Suala lenyewe si la jana. Lilizaliwa katika zama za modemu, ambapo mteja alimpigia simu mtoa huduma, akasikiliza mashine mbili zikipigiana makelele, akawa ndani ya intaneti kwa dakika chache, kisha akakata ili hesabu ya simu isije ikamfilisi. Modemu hizo leo huuzwa kwa kilo pamoja na vyuma vikuukuu, bali hali iliyolizaa suala haikuondoka nazo: bando la kulipia kabla huisha katikati ya siku, stima hupotea, na anwani ambayo mteja amepewa leo siyo atakayopewa kesho. Mbele ya seva iliyoko Ulaya au Marekani hakuna tofauti yoyote baina ya ofisi ya mwaka 1996 iliyokata simu na ofisi ya leo ya Kawangware iliyoishiwa na tokeni za stima. Zote mbili hazijibu.

Rai itakayotetewa hapa ni kwamba ubishi juu ya majina ya itifaki umeficha mambo mawili yaliyo makubwa kuliko majina hayo: kwanza, nani amekabidhiwa barua wakati mwenyewe hayupo, na pili, kama bahasha hufika pamoja na barua iliyomo.

## Itifaki isiyomjua mtu asiyekuwapo

Itifaki ya SMTP, ambayo ndiyo ibebayo barua pepe baina ya seva na seva, iliandikwa na Jonathan Postel mwaka 1982 kwa ajili ya mashine za vyuo vikuu na maabara, zilizokaa zikiwaka usiku na mchana. Asili yake ni kwamba mtumaji ndiye aanzaye: seva yenye barua humwendea mpokeaji, hubisha mlango namba 25, hutaja barua imetoka kwa nani na yaenda kwa nani, kisha huikabidhi. Mpokeaji hana la kufanya ila kungoja. Mpango huo una busara kwa mashine zisizolala, lakini kwa mteja wa kupiga simu umepinduka, kwani yeye peke yake ndiye ajuaye ni lini yupo, na yeye ndiye ambaye itifaki haikumpa haki ya kuanza.

Mwaka 1986 ilipatikana nafuu, nayo ni kumbukumbu za MX ndani ya daftari la majina ya vikoa, ambamo mwenye kikoa huorodhesha seva zaidi ya moja, kila moja na namba yake, na yenye namba ndogo hujaribiwa kwanza. Mwaka 1989 kanuni zikaongeza kwamba mtumaji aliyekuta mlango umefungwa asikate tamaa mara moja; angoje angalau nusu saa baina ya jaribio na jaribio, na aendelee kujaribu kwa muda usiopungua siku 4 au 5 kabla ya kumrudishia mwandishi barua yake. Hapa ndipo walipo na haki wale wasemao kuwa intaneti ina subira.

Hapa ndipo wanapokosea pia. Tuchukue ofisi inayounganishwa kwa nusu saa tu kila siku, na mtumaji ambaye, akiisha kushindwa mara ya kwanza, hujaribu tena kila baada ya saa 4. Katika siku 5 atajaribu mara 30, idadi itoshayo kumpa mtu matumaini. Lakini kwa kuwa saa 4 huingia sawasawa ndani ya saa 24, majaribio hayo hurudi wakati ule ule kila siku. Aliyekosa siku ya kwanza atakosa na ya tano, na nafasi ya mtumaji yeyote ya kuukuta mlango umefunguliwa ni 1 katika 8. Barua 7 kati ya 8 zitarudi kwa waandishi wao, si kwa uovu wa mtu, bali kwa hesabu tupu.

Kwa hiyo lazima awepo mshika amana, seva isiyolala, ambayo MX ya kikoa huielekea, ikazipokea barua kwa niaba ya mwenyewe, ikazipanga foleni na kuzitunza hadi atokee. Aliyedhani kuwa kumiliki seva ni kuacha kumtegemea mtu yeyote, na aanzie hapa kuirekebisha dhana yake. Juu ya haja ya mshika amana hakuna ikhtilafu baina ya wajuzi. Ikhtilafu huanza linapoulizwa swali la pili: barua zitatokaje mkononi mwake?

## Nairobi ilivyolijua jambo hili

Wakenya hawakulijua suala hili kwa kusoma vitabuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya kuwapo nchini mtoa huduma ya intaneti hata mmoja, mashirika yasiyo ya kiserikali ya Nairobi yalikuwa yakipelekeana barua kwa mtandao wa Fido, ulioasisiwa na Tom Jennings nchini Marekani mwaka 1984. ELCI, kituo cha mashirika ya mazingira, kilikuwa na nodi yake mjini, na GreenNet ya London ilikuwa lango la kutokea ulimwenguni: barua zilikusanywa, zikabanwa, zikavushwa kwa simu ya kimataifa, na simu ikakatwa. Matabibu walikuwa na HealthNet ya shirika la SatelLife, lililoasisiwa na Bernard Lown, ambayo ilitumia hata setilaiti ndogo zilizopita juu ya upeo kwa dakika chache tu, zikichukua barua na kuacha nyingine. Laini zilikuwa ghali na zenye makelele, na shirika la KPTC lilikuwa peke yake katika biashara ya simu, bila ya mshindani wa kulitia haya.

Africa Online, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Wakenya waliosoma Marekani, miongoni mwao Ayisi Makatiani, pamoja na ARCC ya Shem Ochuodho, zikafungua njia ya intaneti ya kupiga simu. KPTC ikaleta Jambonet, uti wa mgongo wa intaneti ya nchi, mwaka 1998 na kugawanywa mwaka uliofuata, Telkom Kenya ikirithi simu pamoja na ukiritimba wa njia ya kwenda ng'ambo. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu: barua kutoka kwa mteja wa mtoa huduma mmoja wa Nairobi kwenda kwa mteja wa mwingine katika mji ule ule ilipanda setilaiti, ikazuru bara jingine, ikarudi. KIXP, kituo ambacho watoa huduma walikutanishia njia zao hapa hapa nyumbani, kilifunguliwa Novemba 2000, Telkom ikalalamika, tume ya CCK ikakifunga Desemba, hata kikafunguliwa tena mwaka 2002. Nyaya za baharini, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka 2009, na tangu hapo bei na kasi zikawa mambo ya namna nyingine kabisa.

Kibera na Kawangware zilikuwa kando ya sehemu kubwa ya habari hizo. Waya wa simu hupenda kufuata hati ya ardhi, na Kibera imekaa juu ya ardhi ya serikali. Simu ya mezani haikuwa kitu cha kila ofisi. Mitaa hii iliingia intaneti kwa mlango wa saiba, kisha kwa simu ya mkononi, kisha kwa redio zilizofungwa juu ya mabati. TunapandaNET, mtandao wa jamii ulioanzishwa na Taasisi ya Tunapanda huko Kibera, huunganisha shule na vituo kwa namna hiyo, na mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa mwongozo wa leseni uliokusudiwa mitandao ya jamii hasa. Hivyo ofisi za huku zimekuwa wateja wa kupiga simu bila ya kuwahi kupiga simu yenyewe.

Na katika barua za karatasi hakuna Mkenya wa kufundishwa mpango huu. Posta ya Kenya haina mazoea ya kupiga hodi nyumbani. Ina masanduku, na mwenye sanduku ndiye aendaye na ufunguo wake, siku apatayo nafasi. Asiye na sanduku hutumia la shule au la kanisa: barua za watu wote huingia humo, na mwalimu au karani huzigawa kwa kusoma jina lililoandikwa juu ya bahasha. Sanduku hilo la shule tutalihitaji hivi punde.

## Mkoba wa usiku

Njia ya kwanza kwa umri ni ile ya Fido, na ya ndugu yake UUCP, iliyotungwa na Mike Lesk katika maabara za Bell mnamo mwaka 1976. Katika hiyo hakuna mazungumzo ya barua moja moja. Zipo bahasha zilizofungwa pamoja katika mkoba mmoja, uliobanwa ili uwe mwepesi, unaovushwa kwa simu moja. Aghalabu programu za Fido zilitumia Zmodem, ambayo laini ikikatika katikati huendelea kutoka pale ilipoachia, fadhila kubwa katika mji ambamo mvua moja iliweza kuitia laini makelele.

Aibu zake zinajulikana. Swali la leo hujibiwa kesho, na jibu la jibu kesho kutwa. Anwani za Fido na za intaneti zilipokutana langoni, tafsiri baina yake ilikuwa ya kutatiza. Mafundi walioijua UUCP wamestaafu au wamekuwa mameneja. Na amana, katika siku zile, ilikaa London: barua ya Nairobi ilingoja katika nchi ambayo mwenye barua hakuwa na uwezo wa kwenda kuidai.

Hata hivyo, kwa insafu, njia hiyo ya kale ilikuwa na sifa tatu ambazo warithi wake walizipoteza moja baada ya moja. Aliyepiga simu ndiye aliyeianza kazi. Alijithibitisha kwa jina na nywila kabla ya kupewa kitu. Na kila barua ilivushwa pamoja na bahasha yake, yenye majina ya wapokeaji wote. Kwa sifa hizo tatu na zipimwe njia nyingine.

## Sanduku la shule

Njia iliyoenea kuliko zote, na ambayo hata leo hupendekezwa na mafundi wenye haraka, ni mtoa huduma kuziweka barua zote za kikoa kizima ndani ya sanduku moja la POP, itifaki ya kuchotea barua, na seva ya ofisi kuja kuzichota na kuzigawa. Mvuto wake ni dhahiri. Kila mtoa huduma ana POP. Hakuna haja ya anwani thabiti, wala ya mlango uliofunguliwa. Mteja ndiye aanzaye na hujithibitisha kwa nywila. Sifa mbili kati ya tatu zimetimia, tena kwa gharama ndogo.

Ya tatu ndiyo iliyovunjika, na kuvunjika kwake ni kwa msingi. Barua pepe ina bahasha, yaani yale majina ambayo mtumaji aliyataja pale mlangoni, na ina vichwa, yaani mistari ya juu ya barua yenyewe isemayo imeandikiwa nani na nakala kwa nani. Viwili hivi si lazima vilingane. Barua ikiisha kuingia katika sanduku la POP imehesabiwa kuwa imefika, na bahasha hutupwa. Ni kana kwamba posta ingechana kila bahasha kabla ya kuitia karatasi ndani ya sanduku la shule, kisha ikamwachia mwalimu kubahatisha kutokana na maneno ya barua ni ya mtoto gani.

Mara nyingi atabahatisha sawa, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Lakini muuguzi wa zahanati aliyewekwa katika nakala ya siri jina lake halimo popote katika vichwa. Barua yake haina mwenyewe. Mwanachama wa orodha ya barua hupata ujumbe ulioandikiwa orodha, si yeye. Nao hauna mwenyewe. Barua moja ikiandikwa kwa watu 5 wa ofisi ile ile, na mtoa huduma akaweka nakala 5 sandukuni, seva isiyo na hadhari itaigawa kila nakala kwa watu wote 5, na zitakuwa 25. Na seva iliyowekwa vibaya zaidi, ikiona ndani ya vichwa majina ya watu wa nje, yaweza kuwapelekea upya barua ambayo walikwisha ipata, nao wakadhani wamelaaniwa. Si siri kwamba mwongozo wa fetchmail, programu ya Eric Raymond itumikayo sana kwa uchotaji huu, wenyewe una sehemu nzima ya kuonya juu ya matumizi mabaya ya sanduku la namna hii.

Dawa ipo, ingawa si kamili. Baadhi ya seva, zinapoweka barua sandukuni, hunakili jina la bahasha ndani ya kichwa cha ziada. Mtoa huduma akilifanya hilo kwa uaminifu kwa kila nakala, na seva ya ofisi ikaambiwa isome kichwa hicho peke yake na kuacha vingine vyote, ugawaji huwa salama. Mteja asiyehakikishiwa hilo asiikubali njia hii, hata akiambiwa ni bure.

## Kengele, na mlango wa kugongewa

SMTP ya mwaka 1982 ilikuwa na amri iitwayo TURN, iliyomwezesha mteja kusema: sasa tugeuze mazungumzo, nipe zangu. Kasoro yake haikuhitaji mwerevu kuigundua, kwani yeyote aliyejitaja kwa jina la kikoa fulani alipewa barua za kikoa hicho. Ndipo mwaka 1996 ikaletwa ETRN. Kwa amri hii mteja hagawiwi chochote katika mazungumzo yale yale. Hupiga kengele tu, na mshika amana hufungua mazungumzo mapya kwenda kwa anwani anayoijua yeye mwenyewe. Mwizi akipiga kengele, barua zitakwenda kwa mwenyewe.

Bahasha hubaki nzima, na ujumbe wa wapokeaji 10 huweza kuvuka laini mara moja. Lakini njia hii husimama juu ya sharti moja: mteja awe na anwani isiyobadilika, tena inayofikika kutoka nje. Uingereza, Demon Internet iliwapa wateja wake wa kupiga simu anwani thabiti, kila mmoja yake, na barua zao zikawamiminikia mara tu walipounganishwa. Fahari hiyo ilikuwa ya siku za wingi wa anwani. Ofisi ya Kawangware inayotumia laini ya simu ya mkononi leo hukaa nyuma ya anwani moja pamoja na wateja wengine wengi wasiojuana, na hakuna awezaye kuigongea kutoka nje. Hata penye anwani ya wazi inayobadilika, pana khatari: daftari la majina likichelewa kusahihishwa, mshika amana atabisha katika anwani ambayo sasa ni ya mteja mwingine, na kama seva ya mgeni huyo hupokea kila kitu, barua za zahanati zimekwisha kwenda kwa jirani.

Agosti 1999 ikatolewa ODMR, ambayo kwa hakika ndiyo jibu lililokusudiwa tangu mwanzo. Mteja hupiga mlango namba 366 wa mshika amana, hujithibitisha, hutaja vikoa vyake, na mazungumzo yale yale hugeuzwa: aliyekuwa mwombaji akawa mpokeaji. Haihitaji anwani thabiti. Haihitaji mlango uliofunguliwa nje. Bahasha ni salama. Sifa zote tatu za mkoba wa kale zimerudi ndani ya intaneti ya sasa, na laiti uzuri wa kanuni ungetosha kuifanya itumike, makala haya yangeishia hapa.

Haukutosha. Ilikuja wakati watoa huduma wa nchi tajiri walikuwa wameanza kuwauzia wateja laini zisizokatika, wakaona hawana sababu ya kujitaabisha kwa ajili ya wanaokata; na watoa huduma wa nchi zetu hununua programu zilizoandikwa kwa mahitaji ya wale. Kwa hiyo seva zinazoijua ODMR ni chache, na fundi anayeijua ni nadra kuliko seva.

Kuna badala yake, isiyo na jina la itifaki ya barua. Ofisi hufungua kutoka ndani njia ya siri, kwa programu kama WireGuard, hadi kwa mshika amana. Humo ndani ina anwani yake ya kudumu, hata anwani yake ya nje ikibadilika mara ngapi kwa siku. Na mshika amana, akiona njia imefunguka, huimwaga foleni kwa SMTP ya kawaida. Mteja ndiye aanzaye, funguo zake ndizo uthibitisho wake, na bahasha haiguswi. Vipande vyake vyote ni vya kawaida, vinapatikana bure, na kijana yeyote aliyejifunza mitandao kwa bidii anaweza kuviunga.

## Rai ya wasiotaka seva

Wapo wasemao kuwa yote hayo ni kujitaabisha bure: barua na zikae Google, Microsoft au Zoho, na ofisi ifungue kisakuzi tu. Hoja hii isidharauliwe. Makampuni hayo yana mitambo isiyozimwa na tokeni, huchuja barua taka kuliko fundi wa mtaa awezavyo, na kwa mashirika yasiyo ya faida hutoa huduma bure au kwa nafuu. Shirika la watu 3 linaloandikiana barua 20 kwa siku halina haja ya kuwa na seva, na fundi anayelishawishi vinginevyo anajitafutia kazi.

Lakini hesabu hubadilika ofisi inapokua. Kiambatisho cha MB 5 kilichotumwa kwa wafanyakazi 10 hugharimu bando la MB 50 kila mmoja akikifungua kutoka ng'ambo, ilhali kikivushwa mara moja hadi seva ya ndani hugharimu MB 5. Watu wawili walioketi meza moja hawawezi kuandikiana bando likiisha. Na zahanati yenye habari za wagonjwa hubeba taklifu ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo haikatazi data kukaa nje ya nchi, ila humtaka mwenye dhamana athibitishe kuwa ina ulinzi ufaao. Anayesimamia data kwa kubofya kitufe cha kukubali masharti asiyoyasoma atapata shida kuijibu.

Barua zitokazo zina hukumu moja kwa wote, nayo ni fupi: zisitoke moja kwa moja kwenye seva ya ofisi. Anwani za laini za simu zimo katika orodha za kutiliwa shaka, kampuni nyingi huufunga mlango namba 25, na tangu Februari 2024 Gmail imezidi kuwabana watumaji wasio na SPF au DKIM, yaani vithibitisho vya kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye kikoa. Zipitie kwa mshika amana yule yule, mwenye anwani safi na jina linalotambulika.

## Mizani

Tukizipima njia hizi, tutaona ya kuwa zile mbili, ya kengele na ya sanduku, zilizowagawanya mafundi kwa miaka mingi zote zina kasoro mahali pale pale ambapo Kibera na Kawangware ni dhaifu: ETRN hudai anwani ambayo huku haipatikani, na POP ya kikoa hudai bahati. ODMR, au njia ya siri badala yake, hudai tu mshika amana aliye tayari. Basi uzito wote wa suala umehamia kwake, na ni ajabu jinsi wateja wanavyohoji sana juu ya seva yao wenyewe, wasiulize neno juu ya yule anayezishika barua zao.

Mambo ya kumwuliza ni ya kawaida. Siku 5 ambazo programu za seva huja nazo hazitoshi kwa ofisi inayoweza kukosa stima wiki nzima. Foleni ya mteja wa namna hii na ikae siku 30, na kuiongeza ni mstari mmoja wa mipangilio. Mshika amana awe na orodha ya majina halali ya kikoa, la sivyo atapokea takataka zilizoandikiwa watu wasiokuwapo, seva ya ofisi itazikataa, na yeye atazirudisha kwa waandishi wa kughushiwa, hadi mwenyewe aingizwe katika orodha za kutiliwa shaka pamoja na wateja wake wote. Barua taka zichujwe kwake, kabla hazijala bando la mteja. Na iandikwe nini kitafanyika ada isipolipwa: je, foleni itatunzwa, itafungwa, au itafutwa? Swali la mwisho ndilo lenye kuwagharimu watu, kwa sababu mteja asiyelipa mwezi mmoja si mteja aliyeacha kuandikiwa.

Akae wapi? London ya miaka ya 1990 ilikuwa mbali kwa sababu ya bei ya simu. Leo umbali ni wa namna nyingine, yaani wa kutoweza kumwona mtu ana kwa ana barua inapopotea. Mshika amana aliyeunganishwa na KIXP hupokea barua za Kenya bila ya kuzivusha bahari, na foleni yake huimwaga kwa ofisi ya mtaa kwa njia fupi. Mtoa huduma mkubwa wa mjini aweza kuifanya kazi hiyo, lakini ofisi 10 za Kibera kwake ni hesabu ndogo isiyostahili mpangilio wa pekee. Mtandao wa jamii unazo sababu zaidi: tayari una milingoti, mafundi wanaojulikana kwa majina, na wateja ambao wote wana tatizo moja. Seva moja ndogo yaweza kuzishika foleni za shule na zahanati zote zilizo chini yake, na gharama ikigawanywa haitamlemea mtu.

Pingamizi lenye nguvu juu ya mpango huo si la itifaki. Mshika amana naye yupo Kibera, na stima zikipotea Kibera hupotea kwake pia. Seva yake ama ikae katika jengo la mjini lenye jenereta, kwa kodi ya kila mwezi, ama ikae mtaani juu ya betri na mtambo wa jua, kwa gharama kubwa ya mara moja. Kwa kuwa watumaji wa ulimwengu wamekubali kungoja siku 4 au 5, betri hiyo haina haja ya kuwa kubwa kuliko ya saa chache. Kukatika kwa usiku mmoja hakumpotezi mtu barua. Kwa hesabu hiyo seva ya mtaani inawezekana. Kilicho bado hakijaamuliwa ni nani atakayeinunua betri hiyo, wanachama kwa michango yao au mfadhili ambaye mkataba wake una mwisho.